Nyekundu Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na nikijiona fundi kamili, nilipounguza kifaa cha watu kwa muda usiotosha hata kupiga chafya, kisha nikamsingizia marehemu. Nitakusimulia yote bila kupunguza. Ukitaka kucheka, cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka. Ila siku ile sikucheka, na kuna mama mmoja wa Temeke aliyetokwa na machozi kwa sababu yangu.

Sasa nakaa Pugu, na vijana wa bodaboda wananiletea vyombo vyao wakiniita Mzee Mudi. Wakati huo nilikuwa Mudi tu. Nilikuwa najifunza kazi Temeke kwa Fundi Salehe, Mzaramo mmoja mfupi, mpole, ambaye kukaripia hakukujua. Akikasirika alinyamaza, akaanza kupanga spana zake kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa. Ukimwona anapanga spana, ulijua umefanya jambo. Gereji yetu ilikuwa uani kwa watu, bati nne juu ya nguzo, na sakafu ilikuwa imelewa oili miaka mingi. Nilipapenda pale kuliko nyumbani.

Somo la kwanza pale gereji, kabla hata hujashika bisibisi, lilikuwa hili: nyekundu moto, nyeusi ethi. Waya mwekundu ndio unaoleta umeme kutoka kwenye betri. Mweusi unafungwa kwenye chuma cha fremu, na hiyo ndiyo ethi, njia ya umeme kurudi ulikotoka. Pikipiki zote nilizokuwa nimezishika zilikuwa hivyo. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza, ningekujibu sijafumbua macho.

Basi Jumanne ya wiki hiyo akaja Mwalimu Elisante. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, amestaafu kufundisha, anakaa Tandika na mkewe Mama Upendo. Alikuja anaisukuma pikipiki yake, mzee mwenzake, kitu cha Kiingereza chenye umri kunizidi mimi. Tenki la kijani, injini imesimama wima, na kiti amekishona Mama Upendo kwa mkono wake. Watoto wa mtaani waliifuata kama wanafuata bendi.

"Shikamoo, Mwalimu," tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Salehe, mgonjwa wako huyu hapa. Betri inachemka kama sufuria ya maharage. Taa nimeshabadilisha tatu mwezi huu, zote zinapasuka."

Fundi Salehe hakuhitaji hata kuinama. "Regyuleta hiyo, Mwalimu. Imekufa."

Regyuleta, mwanangu, kwa asiyeijua, ni kiboksi kidogo cha chuma chenye mapezi mapezi ya kupoza joto. Kazi yake ni kuupimia umeme unaotoka kwenye injini ili betri isipewe kupita kiasi. Kikifa, betri inalishwa mpaka inavimbiwa, na taa nazo zinaungua. Kwa pikipiki za sasa unatembea hatua kumi unapata kingine. Kwa ile ya Mwalimu ungeweza kuuzunguka mji mzima ukarudi mikono mitupu.

Na Mwalimu alikuwa na haraka. Macho yake yalikuwa na presha, jicho moja limeshafifia kabisa na jingine linaelekea huko huko. Jumatatu iliyofuata alikuwa anaingia hospitali kupasuliwa, na daktari alikuwa amemwambia ukweli kwamba hawezi kumwahidi kitu. Alitaka jambo moja tu kabla ya hapo. Jumamosi ampakie mkewe nyuma, waende Kimbiji, kwenye nyumba ya walimu walikoanzia maisha walipooana. Walikuwa hawajarudi huko tangu alipohamishwa.

"Wangeweza kunipeleka kwa gari," alimwambia Fundi. "Mkwe wangu kajitolea. Lakini tulifika kule mara ya kwanza kwa chombo hiki hiki, mie na Mama Upendo na sanduku moja. Nataka nikapaone wakati bado naona."

Usiniulize habari ya usalama. Leo ningemkataza. Siku zile hakuna aliyethubutu kumkataza Mwalimu Elisante, maana nusu ya mtaa aliufundisha kusoma yeye.

Kifaa kilipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea. Karibu na gereji kulikuwa na kiduka cha vipuri cha Bi Zuhura, mjane wa fundi mmoja wa zamani aliyekuwa rafiki wa Fundi Salehe. Aliposikia habari ya Mwalimu alikuja mwenyewe, kanga mabegani, na kopo la mafuta ya kupikia mkononi. Ndani ya kopo, kimefungwa kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, kulikuwa na regyuleta ambayo haijawahi kutumika.

"Hiki hakiuzwi, Mwalimu," alisema. "Cha marehemu hiki. Alikuwa anakiwekaga, anasema, ipo siku ile pikipiki ya Mwalimu itakitaka. Sasa siku yenyewe si ndiyo hii?"

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Nilikuwepo, niliona alivyokipapasa kwa vidole kwa kuwa macho yalikuwa hayamtoshi, na niliona Bi Zuhura alivyofurahi. Ningekuwa na akili ningeyaweka hayo moyoni.

Sasa Alhamisi. Fundi Salehe aliamkia mazishini Kisarawe. Kabla ya kuondoka aliniachia maagizo yaliyonyooka. Nitoe kiboksi cha zamani, nisugue fremu kwa msasa mpaka chuma king'ae, nifunge kipya kwa bolti zake. "Lakini betri usiiguse mpaka nirudi, Mudi. Tutaunganisha wote." Nikaitikia vizuri kabisa.

Nilifanya kazi safi, hilo nitajisifu. Nilisugua, nikafuta, nikakaza. Saa nne na nusu nilikuwa nimemaliza na sina la kufanya, na kijana asiye na la kufanya mbele ya pikipiki nzuri ni hatari. Nikaanza kuona picha: Fundi anarudi kutoka mazishini amechoka, anakuta injini inanguruma, taa zinawaka sawa, Mudi amekaa pembeni anakunywa chai kama hakuna kilichotokea. Picha hiyo ilinipendeza mno.

Nikafungua kifuniko cha betri. Ndani, kwenye uzi, kulikuwa na kipande cha kadibodi chenye maandishi makubwa ya mwandiko wa ubaoni: NYEKUNDU CHINI. Nikatazama nyaya. Kweli, waya mwekundu ulikuwa umetoka kwenye kichwa chanya cha betri ukaenda kufungwa kwenye fremu, mahali pa ethi. Ule mwingine ndio uliokuwa unapeleka umeme.

Nikacheka peke yangu. Nilijiambia, masikini Mwalimu, macho yamemwisha, amefunga kinyume na kisha akaandika na kibao. Nyekundu chini! Nyekundu itakuwaje chini? Hata sikufikiria kuwa pikipiki ile ilikuwa imetembea miaka na miaka ikiwa imefungwa hivyo hivyo. Nilimwonea huruma, na ile huruma ilikuwa imejaa dharau, ingawa wakati huo sikujua jina lake. Nikaigeuza betri ili mambo yawe kama nilivyofundishwa. Nikaunganisha.

Ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayesonya. Kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye mapezi ya kile kiboksi, na harufu, mwanangu, harufu ile ya plastiki na samaki aliyeungua hutaisahau ukiinusa mara moja. Nilichomoa waya nikaungua vidole. Nilikuwa nimechelewa. Kitu ambacho marehemu alikitunza kwenye kitambaa cha kanzu yake miaka yote hiyo nilikiua mimi kwa kupenda sifa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikuite ukae. Nilirudisha betri kama ilivyokuwa, nyekundu kwenye fremu. Nikakirudisha kibao cha Mwalimu kwenye uzi wake, nikakinyoosha vizuri. Nikapepea moshi kwa gazeti. Nikakaa nikatunga maneno.

Fundi aliporudi baada ya adhuhuri, vumbi la kaburini bado liko kwenye suruali, nilimpa pole ya msiba na kisha nikamwambia, "Fundi, kile kifaa kimekuja kibovu. Kimekaa sana, nadhani kilishakufa humo humo kwenye kopo."

Alikichukua, akakigeuza, akakileta karibu na pua. Akanitazama. Akaiendea meza yake akaanza kupanga spana.

Alipanga mpaka ya mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Basi twende tukamwambie Bi Zuhura. Asije akampa mtu mwingine kitu cha kopo lile."

Sikuwa nimeipigia hesabu safari hiyo. Nilidhani uongo wangu utaishia pale uani, kwenye chuma na oili. Tulitembea, mimi nimekishika kile kiboksi, na kila hatua kinazidi kuwa kizito.

Bi Zuhura alikuwa anapanga plagi kwenye rafu. Tukamwamkia, akatukaribisha kwenye benchi, na Fundi Salehe akaniambia, "Mwambie Mama ulichoniambia mie." Nikamwambia. Nilisema nikitazama miguu yangu.

Aliziweka plagi chini. Kisha akaniomba radhi.

Sikiliza vizuri, mwanangu. Aliniomba radhi mimi. "Jamani, mwanangu, nisamehe, nimekusumbua. Na Mwalimu masikini, nimempa matumaini ya bure. Mie si mjuzi wa vitu hivi, niliamini tu maneno ya mume wangu." Akachukua ncha ya kanga akafuta macho. "Mzee alikuwa ananiambiaga hiki kizima, ananionyesha na mahali alipokiweka alama. Kumbe naye alikosea. Au labda walimdanganya waliompa. Hakuwa mtu wa kutunza takataka, Salehe, wewe unamjua."

"Namjua," alisema Fundi.

Ningeweza kuvumilia matusi, ningeweza kuvumilia kofi. Kumwona mama wa watu anamshusha mumewe aliye kaburini ili kosa langu lipate pa kukaa, hilo sikuliweza. Nilisimama nikasema, "Mama, si kibovu. Kilikuwa kizima. Mie ndiye nimekiunguza, nimegeuza betri. Mzee hakukosea."

Nilisubiri anitimue. Alinitazama, machozi bado yako shavuni, na uso ukamfunguka polepole.

"Kilikuwa kizima?"

"Kizima kabisa, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi. "Mzee hakukosea." Halafu ndipo akakumbuka kunigombeza, na alinigombeza haswa, mpaka wateja wakasimama nje kusikiliza. "Mjinga wewe, umenitoa machozi ya bure!" Akanipiga na ncha ya kanga kichwani. Nilipokea kila neno, na nakuambia kweli, nilikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa wakati naingia.

Tulipotoka nilimuuliza Fundi kama alijua. Akasema alijua tangu aliponusa, kwani kifaa kilichokufa kwenye kopo hakiwezi kunuka moshi wa leo. "Sasa mbona hukuniambia pale pale?" Akasema, "Ningekuambia, ungekiri kwa sababu umekamatwa. Nilitaka ukamwone unayemuumiza." Huyo ndiye Fundi Salehe. Karipio lake lote lilikuwa hilo, na sijalisahau mpaka leo.

Ilibaki Tandika, kwa Mwalimu mwenyewe. Tulifika alasiri hiyo hiyo. Mama Upendo alikuwa barazani ananyoosha gauni jipya la kitenge kwa pasi ya mkaa, na aliponiambia kwamba ni la Jumamosi nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Sikungoja Fundi anisukume. Nilimweleza yote, kuanzia picha niliyoiona kichwani mpaka gazeti nililopepea moshi.

Mwalimu hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza, "Kibao changu hukukiona?"

"Nilikiona, Mwalimu."

"Ukakisoma?"

"Nikakisoma. Nikadhani..."

"Ukadhani nimeandika hivyo kwa sababu sioni."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alicheka. Si kicheko cha kunifurahia, lakini hakikuwa kikali pia. "Macho ndiyo yamechoka, Mudi, kumbukumbu bado nzima. Pikipiki hizi za Waingereza wa zamani walizifunga hivyo, chanya kwenye chuma. Nyekundu ndiyo ethi yake. Nami ethi naiita chini, kwa sababu ethi ni neno la Kiingereza, earth, na lina Kiswahili chake na mie ni mwalimu wa Kiswahili." Hata katika balaa lile alipata nafasi ya kunisahihisha lugha.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Aligeuza uso kumwelekea mkewe. "Basi, mama. Kimbiji tutaenda kwa gari la mkwe, siku nyingine, Mungu akipenda." Mama Upendo akaweka pasi chini akasema hamna neno, baba. Wote wawili walijua kwamba siku nyingine ingekuwa baada ya Jumatatu.

Fundi Salehe akakohoa. "Mwalimu, injini yako haina tatizo. Inachotaka ni umeme wa plagi tu, na mchana huhitaji taa. Nikiichomoa chaji kabisa, injini isiilishe betri, betri iliyojaa itakuvusha mwendo wa saa mbili. Betri tatu zitakupeleka na kukurudisha. Leo Alhamisi. Tuna kesho nzima ya kuzijaza." Akanigeukia. "Na huyu atakuwa nyuma yako na betri. Chaji kaiua yeye, basi chaji atakuwa yeye."

Ijumaa ile sitaisahau. Betri moja ilikuwa ya Mwalimu, mbili tuliazima, tukazipeleka kwa fundi redio aliyekuwa na chaja. Saa nne umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikaa kizingitini pake nikiutazama waya kama mtu anayemwangalia mgonjwa, natoka mara moja tu kwenda kuswali, narudi. Saa tisa umeme ukarudi, na betri ya tatu ilijaa jua linaelekea kuzama. Ningengoja mpaka Ijumaa kusema ukweli wangu, zisingejaa hata mbili.

Jumamosi tuliondoka asubuhi na mapema. Daraja la Kigamboni lilikuwa bado halijajengwa, tukapita Kongowe. Mbele Mwalimu, wima kama yuko gwaride, koti la suti, nyuma yake Mama Upendo na kitenge chake. Mimi nafuata na pikipiki ya gereji, kapu la betri limefungwa kwa mpira. Na ndipo nilipogundua jinsi walivyokuwa wanaendesha. Mwalimu alishika usukani, Mama Upendo ndiye aliyekuwa macho yake.

"Shimo kushoto, baba! Mbuzi! Mbuzi kulia, wawili! Punguza, punguza, kuna mama na ndoo!"

"Namwona mama!"

"Humwoni, umeona ndoo!"

Njia nzima walikuwa hivyo, wanagombana na kucheka. Nilicheka nyuma yao mpaka vumbi likanijaa mdomoni. Barabara ilikuwa ya mchanga na mashimo, lakini yule mzee wa kijani hakukwama hata mara moja. Mbele ya Kibada injini ikaanza kukohoa, betri ya kwanza imekwisha. Tukasimama kando ya shamba la mihogo.

Nilifungua kifuniko, kibao kile kikaninginia mbele ya pua yangu. Nikamwita, "Mwalimu, njoo uhakikishe." Alikuwa amesimama hatua chache, akanigeuzia mgongo kwa makusudi, akatazama mihogo. "Funga, Mudi. Mie siangalii." Nikafunga nyekundu kwenye fremu, nikarudia kuhakikisha mara tatu. Akapiga kiki moja tu, ikawaka. Mama Upendo akapiga vigelegele peke yake pale barabarani.

Kimbiji tulifika kabla ya adhuhuri. Ile nyumba ilikuwepo, paa la makuti limekuwa la bati, na ndani kulikuwa na mwalimu mwingine, kijana, na mke na mtoto mchanga. Walipojua wageni ni akina nani walitandika mkeka, wakaangua madafu. Mwalimu hakukaa. Alizunguka nyumba polepole, mkewe kamshika mkono, anamwonyesha. Kisima kile. Jikoni hapa. Dirisha hili ndilo lililokuwa linagoma kufunga, na bado linagoma. Alisogeza uso karibu na kila kitu, akakitazama kwa lile jicho lililobaki, kwa muda mrefu, bila aibu, kama mtu anayesoma. Bahari aliitazama mwisho. Mama Upendo alisimama pembeni yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na dafu langu, nina furaha na nina aibu kwa pamoja. Mwalimu alirudi akakaa karibu yangu. Akasema, "Mudi, ungenyamaza siku moja tu zaidi, nisingekuwa hapa."

Tulirudi salama kwa betri ya tatu, jua bado liko juu. Jumatatu akaingia hospitali. Madaktari walijitahidi, mwanangu, lakini macho hayakurudi. Alibaki anatofautisha mchana na usiku, basi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuwa mtu wa huzuni. Kila nilipokwenda kumwamkia alinieleza habari za Kimbiji, rangi ya mlango, namna mtoto yule mchanga alivyovaa soksi moja, maji ya bahari yalivyokuwa na michirizi miwili, kijani na buluu. Vitu vya mwisho alivyoviona vizuri vilikuwa hivyo, na vilimtosha kumchangamsha uzeeni. Naye Mama Upendo alikaa pembeni anamsahihisha: "Haikuwa soksi, baba, ilikuwa kiatu cha kufuma."

Kiboksi kingine kilipatikana baada ya muda, na nilikifunga mwenyewe, Fundi Salehe amekaa anakunywa kahawa yake. Lakini sikukuita kwa ajili ya kiboksi. Vifaa hufa, na vingine hupatikana. Ninachokiwaza mpaka leo, nikiwa nimelala naangalia dari, ni ile Alhamisi mchana. Ningeshikilia uongo wangu, Bi Zuhura angekufa akiamini mumewe alimtunzia takataka. Na Mwalimu angeingia gizani bila Kimbiji yake. Hakuna ambaye angejua. Mimi ningekuwa fundi vile vile, watu wangeniita Mzee Mudi vile vile. Hilo ndilo linalonitisha.

Kwa hiyo mwanangu, ninakuomba mambo haya. Ukikuta mtu mzima amefunga kitu kwa namna inayokuchekesha, usikifungue kabla hujamuuliza kwa nini alikifunga hivyo. Macho yake yakiwa mabovu, masikio yakiwa mabovu, muulize tu. Kuuliza hakutakupunguzia ufundi hata kidogo. Na ukiharibu, maana utaharibu, sote tunaharibu, basi sema siku ile ile. Sema kabla harufu haijaisha. Usingoje mpaka uwe na ujasiri, mimi sikuwa nao, nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ukichelewa, kosa lako litatafuta mtu mwingine wa kulibeba, na mara nyingi litampata mpole, au mjane, au aliyekufa asiyeweza kujitetea. Usikubali, mwanangu, usikubali hata siku moja mtu akuombe radhi kwa kosa ulilofanya wewe.

Mungu akupe mikono ya kazi na akupe ulimi mwepesi wa kusema ni mimi. Akukutanishe na wakubwa wa kukurekebisha bila kukuvunja. Na kila unayemgusa kwa kazi yako, Mungu amjalie akione alichotamani kukiona, wakati bado anaona. Amina.